"Si uhame tu?" Leta kwanza elfu ishirini na mbili

Wiki iliyopita niliposti picha ya steji ya Joska saa kumi na moja na nusu asubuhi. Giza bado, vumbi bado, watu wamejikunyata ndani ya majaketi wakingoja mat. Kuna msee akaniuliza kama nimefukuzwa Nairobi. Nilicheka, lakini baadaye nikaona hajakosea sana. Nilifukuzwa kweli, ila aliyenifukuza hakufungua mdomo. Ilikuwa karatasi.

Karatasi yenyewe ilipenyezwa chini ya mlango wa bedsita yangu ya Roysambu. Niliingia hapo nikilipa 11,000. Notisi ikasema kuanzia mwezi unaofuata kodi ni 13,000 "kutokana na kupanda kwa gharama ya maisha". Ya nani? Maana yangu pia ilikuwa imepanda na hakuna karatasi niliyompenyezea mtu.

Nikianza kulalamika, kila mtu alikuwa na dawa moja. Si uhame tu? Rafiki zangu, mabinamu, hadi jamaa wa kuuza smokie pale chini. Kuna Juja, kuna Kitengela, kuna Rongai, kuna Kangundo Road, nyumba ni bei ya kutupa, wewe unang'ang'ania Roysambu kwa nini? Na mimi nikaamini kwamba shida yangu ni maringo. Kwamba nalipia jina la mtaa.

Sasa nimehama. Ni mwezi wa saba nikiwa huku, kwa hivyo wacha niwaonyeshe hesabu, kwa sababu wanaosema "si uhame tu" huwa hawaonyeshi.

Kuhama kwenyewe kwanza. Ukiona tangazo la nyumba mtandaoni, ajenti anataka pesa ya kukuonyesha kabla hujaona hata geti. Nililipa 500 mara mbili. Nyumba ya kwanza haikufanana na picha hata kwa bahati mbaya. Dirisha lake liliangalia ukuta wa jirani, ungeweza kumsalimia mkono. Ya pili ndiyo nikachukua: 6,500, chumba cha kulala na sebule, kubwa kuliko bedsita yangu mara mbili. Nilifurahi sana. Kisha nikatoa 6,500 ya mwezi wa kwanza, 6,500 nyingine ya depoziti, 1,500 ya depoziti ya maji na stima. Pikapu 6,000. Vijana wa kushusha vitu kutoka ghorofa ya nne, 800. Jumla 22,300, na yote inatakiwa ndani ya wiki moja.

Utasema depoziti hurudi. Yangu ya Roysambu ilikuwa 11,000. Landilodi alikata 4,000 ya rangi, ukuta ambao nilipaka mwenyewe nikiingia, na hiyo ingine akasema atatuma. Mpaka leo nimeona 3,000.

Kwa hivyo nilipata wapi? Chama chetu cha watu tuliosoma pamoja kilinipa zamu yangu mapema, 15,000. Mamangu alinitumia 5,000 na hakuniuliza swali hata moja, na hiyo iliniuma kuliko angeuliza. Iliyobaki ndiyo ilikuwa kwa simu yangu. Bila chama na bila mama, ningekuwa bado Roysambu, nalipa 13,000 nisizo nazo, kwa sababu sina 22,300 za kwenda kulipa 6,500. Watu wengi mnaowaona "wameng'ang'ania" mtaa wa bei wako hapo tu. Mtu aliyesota akiwa na deni la kodi ya miezi miwili hahami. Anangoja mlango upigwe kufuli, ama anahama usiku kimya kimya na godoro kwa boda, na hiyo si kuhama, ni kutoroka.

Haya, tuseme umehama. Sasa tupige hesabu ya kila mwezi.

Nikiwa Roysambu, nauli ya kwenda tao ilikuwa 60, kurudi 60. Siku 22 za kazi ni 2,640. Weka na kodi ya 13,000, tuko 15,640. Huku Joska nauli ni 150 kwenda na 150 kurudi, kukinyesha unaomba Mungu isifike 200. Tuhesabu 300 kwa siku: 6,600 kwa mwezi. Ongeza kodi ya 6,500 upate 13,100. Yaani nimeokoa 2,540. Mwezi wa kwanza nilijipongeza, nikajinunulia kuku.

Lakini kutoka steji hadi kwa ploti ni mbali kidogo na usiku hakuna taa. Mimi hubeba laptop ya kazi, siwezi kutembea nayo gizani, kwa hivyo boda ni 50 kila jioni. Hiyo ni 1,100. Maji ya bomba hapa ni ya kisima na yana chumvi. Ya kufua na kuoga sawa, lakini chai inakuwa kama supu. Ya kunywa na ya kupika nanunua, jerikani tatu kwa wiki, 30 kila moja, kama 360 kwa mwezi. Sasa kati ya ile 2,540 nimebaki na 1,080.

Elfu moja na themanini. Na bado sijahesabu kitu kimoja, masaa.

Roysambu nilikuwa natoka kwa nyumba saa moja asubuhi nifike kazini saa mbili. Huku natoka saa kumi na moja na nusu. Hiyo ni saa moja na nusu zaidi, na jioni ni hivyo hivyo. Masaa matatu kila siku ya kazi, 66 kwa mwezi. Gawanya 1,080 kwa 66. Mimi nilikuwa nauza saa yangu moja kwa bob kumi na sita. Na kwa kasi hiyo, kurudisha tu ile 22,300 ya kuhama ingenichukua karibu miezi 21, kama hakuna kitu kingine kitapanda.

Na vitapanda. Kila tarehe 14 EPRA inatangaza bei ya mafuta, na Julai 2023 VAT kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Wa Roysambu anaongezwa bob kumi anakunja uso. Mtu wa huku akiongezwa hata 30 kwa safari moja, hiyo ni 1,320 kwa mwezi na kodi yake ya bei nafuu imekwisha maana. Sijawahi kuona makanga akisema leo mafuta yameshuka, shika change.

Nilipokuwa nahama kulikuwa na jirani yangu wa mlango wa pili, anafanya kazi ya kuhudumu kwa mkahawa mmoja Westlands. Alipata karatasi kama yangu siku hiyo hiyo. Nikamwambia, kwa ule ujuaji wa mtu ambaye ameshalipa depoziti, si uhame pia? Akaniambia, "Jirani, mimi hufunga saa tano usiku. Nikihamia huko, hizo siku nitalala wapi?" Sikuwa na jibu. Sikuwa hata nimefikiria. Sasa hivi anaishi na wasichana wengine wawili kwa bedsita moja, na kitanda wanapokezana kulingana na shifti.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakiangalia vibaya tangu utotoni. Watu hupenda kuuliza kwa nini mtu akae Mukuru, kwa chumba cha mabati, na pesa hiyo ingempa nyumba ya mawe huko nje. Nenda barabara za kuingia Industrial Area asubuhi uone watu wanatembea. Mukuru iko hapo ubavuni. Mtu anayelipwa kwa siku, ambaye leo anaweza kuitwa kazi na kesho asiitwe, hawezi kulipa nauli ya 300 kwenda kuuliza kama kuna kazi. Alipiga hesabu zamani, na aliipiga vizuri kunishinda mimi na degree yangu.

Kwa hivyo mkisema vijana wanaishi juu ya uwezo wao, sawa, wapo. Mimi najua msee wa 28,000 kwa mwezi anayelipa 18,000 Kilimani ili location kwa picha isome Kilimani. Huyo ahame. Huyo namwombea ahame. Na kwa kweli hili jambo la kuchekana kwamba Rongai ni diaspora na huku Joska tunahitaji pasipoti, nilicheka nayo miaka mingi, sasa sicheki, kwa sababu kuna watu wanaogopa kuhama wakiwa wangefaidika, ati wataonekana wamefeli. Lakini hao si wengi vile mnadhani. Wengi wako mahali walipo kwa sababu kazi iko hapo.

Na hatuna mahali pa kushtaki. Tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, na iko hadi baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji. Ila inagusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Elfu mbili na mia tano! Ukilipa zaidi ya hapo, karatasi ikipita chini ya mlango ni wewe na landilodi mkubaliane, na "kukubaliana" maana yake unalipa ama unatoka. Wakati huo huo, kuanzia Januari 2024 kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba za kupangisha ilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Sina kinyongo, wengine wana mikopo ya benki na najua simiti si bei ya mchezo. Ninachosema ni kwamba kwangu hakuna kilichoshuka.

Halafu kuna ile asilimia 1.5 tunayokatwa kwa mshahara ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza 1.5 yake. Sipingi nyumba kujengwa. Mradi wa Mukuru, ambao watu walianza kukabidhiwa funguo Mei 2025, angalau uko karibu na mahali watu wanafanyia kazi, na hiyo ndiyo akili. Lakini hizo ni nyumba za kununua polepole, unajiandikisha Boma Yangu, unaweka akiba ya depoziti, unangoja. Mimi nilikuwa na notisi ya siku thelathini. Ningependa sana kuona hata sehemu ndogo ya hiyo pesa inajenga nyumba za kupanga tu, za kodi inayojulikana, karibu na steji. Ama wabadilishe hiyo 2,500 iwe namba ya mtu aliye hai.

Sitaki mfikirie najuta. Mwezi wa nne bosi alikubali niende ofisini siku mbili kwa wiki, siku zingine nihariri video nikiwa kwa nyumba. Hapo hesabu ikageuka kabisa. Safari tisa badala ya 22, nauli na boda zikashuka hadi 3,150, na sasa ukinilinganisha na vile ningekuwa Roysambu, nabaki na kama elfu nne kila mwezi. Nalala. Nina sebule. Jirani wa huku ana mbuzi, na nimeanza kumzoea, mbuzi namaanisha. Ila nyumba haikubadilika, wala mtaa haukubadilika. Ni bosi alibadilisha siku. Kama kazi yako inataka mwili wako uwe hapo kila siku, au ikufungie usiku, hiyo elfu nne haiko.

Na hata huku hatujafika mwisho wa dunia. Mama mboga wangu aliniambia vyumba kama changu vilikuwa 4,500 miaka miwili iliyopita. "Nyinyi watu wa Nairobi mmetuharibia," akasema huku akiniongezea sukuma, kwa hivyo sijui kama alikuwa amekasirika. Kijana wake ameoa na sasa anatafuta nyumba mbele zaidi, kuelekea Tala. Yaani mimi nilisukumwa, nami nimemsukuma mtu.

Kwa hivyo ukitaka kumwambia mtu ahame, muulize kwanza anafanya kazi wapi na anatoka saa ngapi. Baada ya hapo ndiyo umwambie bei ya kodi. Na kama unataka kusaidia kweli, msaidie na pikapu.

Jumapili jirani yangu wa zamani alinitumia ujumbe. Yule wa Westlands. "Jirani, huko kwenu kuna nyumba? Hapa tumeongezewa tena." Nikamuuliza kama bado anafunga saa tano. Ndiyo. Jioni nikienda kununua mkate nilipitia steji, nikamuuliza makanga mat ya mwisho hutoka tao saa ngapi. Saa nne, akasema, siku ya mvua hata mapema. Nikamwandikia hivyo. Akanijibu "sawa", na moyo mmoja wa samawati.