Papa Mmoja, Boti Sita

Asubuhi ya kaskazi, maji ya Kilindoni, kisiwani Mafia, hayana ule ubuluu unaouzwa kwenye picha za watalii. Yana ukijani, mazito kidogo, yamejaa chembechembe zinazoelea kama pumba kwenye maji ya kuoshea mchele. Tulikuwa abiria sita ndani ya boti ya faiba, nahodha ameketi tezi, baharia kijana amesimama omo akiyachungulia maji kwa macho yaliyofinywa na jua. Ghafla akanyoosha mkono bila kusema neno. Nahodha akazima mashine.

Akapita chini yetu. Kwanza niliona kivuli, kisha mgongo wa kijivu wenye madoa meupe yaliyopangwa kwa mistari, kama kanga iliyotandazwa chini ya maji ikavutwa polepole na mkondo. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Huyu alikuwa na urefu wa karibu mara moja na nusu ya gari dogo. Alifungua mdomo mpana kama mdomo wa kapu, akayavuta maji pamoja na uduvi uliokuwamo, akayatoa maji kupitia mashavuni, akaenda zake. Hakutujali hata kidogo.

Kwenye pezi lake la mgongoni kulikuwa na mikato mitatu iliyopona, imelingana, imepishana nafasi sawasawa. Hakuna jino la samaki linalokata hivyo. Hiyo ni propela.

Hazikupita dakika kumi, boti zilikuwa sita. Watu wakarushwa majini kutoka kila upande, kelele za miwani na mapezi, boti moja ikazunguka mbele ya samaki ili wageni wake wamkute uso kwa uso. Papa akainamisha kichwa akazama. Tukabaki tunaelea, tunatazamana.

Nilimwuliza nahodha wetu, mtu mzima wa makamo, kwa nini asiwaambie wenzake wasubiri. "Mwanangu," akasema, "kila mtu hapa ana mgeni wake. Nikirudi nyuma mimi, mgeni wangu atasema nimemdhulumu, na kesho atakwenda kwa yule aliyesogea." Hakusema kwa ukali. Alikuwa akieleza hesabu ya kazi yake, na hesabu hiyo ndiyo swali la makala hii: nani aamue boti ngapi zimkaribie papa mmoja, na aamue kwa njia gani?

Miongozo ya kuwatazama papa hawa ipo, na manahodha wengi wanaijua: usimguse, usimzibie njia, punguza mwendo, kaa mbali na mkia. Ubaya wa mwongozo wa hiari ni kwamba anayeufuata ndiye anayepata hasara. Mwenye subira anarudi na mgeni aliyenuna, mwenye pupa anarudi na bahashishi. Kuendelea kuwahubiria watu hawa maadili bila kuubadilisha mpango wenyewe ni kuwaonea.

Lakini tujue kwanza tunacholinda. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni zaidi kati ya Oktoba na Machi, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba baada ya hapo huhama kwenda mbali. Watafiti waliowabandika vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti walichapisha matokeo yao mwaka 2015, yakaonyesha jambo jingine: wengi wao hukaa palepale Mafia mwaka mzima, ila msimu ukibadilika husogea kwenye maji ya kina na kutoonekana juu. Hao si wageni wanaopita njia. Ni wakazi. Kila mmoja hutambuliwa kwa madoa yake, ambayo hayafanani na ya mwingine, na programu inayolinganisha picha za madoa hayo ilitokana na hesabu ya wanaanga ya kulinganisha nyota. Wengi wa Mafia ni madume wadogo ambao hawajapevuka. Samaki huyu huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kuzaa, na mwaka 2016 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Kwa hiyo ukimkosesha kula mmoja, asubuhi baada ya asubuhi, msimu baada ya msimu, unamdhuru jirani yuleyule, akiwa bado mtoto.

Chakula chao hakiji kwa bahati. Mto Rufiji humwaga rutuba baharini mkabala na kisiwa, kupitia msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, na rutuba hiyo ndiyo inayolisha uduvi na dagaa. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Dagaa anaowafuata mvuvi na uduvi anaoufuata papa hukutana kwenye maji yaleyale.

Wapo wanaosema dawa ni nyepesi: panua hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, ina kilomita za mraba 822, na imefanya kazi kubwa kwa matumbawe na kasa. Lakini mipaka yake iko zaidi kusini, kuanzia Ghuba ya Chole, ilhali papa wanakula mbele ya Kilindoni, nje yake. Kwa nini basi mstari usisogezwe tu kwenye ramani?

Mimi sikubaliani na njia hiyo, na si kwa sababu naichukia hifadhi. Kilindoni ni mji wa wavuvi na bandari. Ukiufunga uwanja wa dagaa kwa ajili ya papa, utakuwa umemwambia mama anayeanika dagaa kwenye chanja kwamba samaki wa mtalii ana thamani kuliko sufuria yake. Siku hiyo papa atapata adui, na adui anayevua usiku bila taa hakamatwi kwa urahisi. Tena tatizo nililoliona mimi halikuwa la wavu. Lilikuwa la boti za watalii, na boti za watalii zinaweza kupangwa bila kumgusa mvuvi.

Tumeshaona pia bahari ikiachwa bila mpango wowote. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, watu walikuwa wakiwavua pomboo na kuwatumia kama chambo cha papa. Utalii ulipoingia miaka ya 1990, pomboo akawa na thamani akiwa hai, na hilo ni jema lisilopaswa kusahauliwa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii ziliwapunguzia pomboo wale muda wa kupumzika. Waliokolewa kutoka kwenye chusa wakakabidhiwa kwa mashine. Mafia bado haijafika huko, na nisingependa ifike.

Oslob, nchini Ufilipino, walichukua njia mbaya zaidi. Tangu mwaka 2011 wavuvi wa pale huwapa papa potwe uduvi kwa mkono ili wasiondoke, na watalii hupangwa kwenye maji kila asubuhi. Wanakijiji wamepata fedha, hakuna ubishi. Lakini papa amejifunza kuifuata boti, na papa anayeifuata boti ndiye anayekatwa na propela. Yeyote atakayeleta wazo hilo Kilindoni akataliwe tangu siku ya kwanza.

Ningaloo, magharibi mwa Australia, wameweka sheria: ndani ya mita 250 kutoka kwa papa kinaingia chombo kimoja tu, watu wasiozidi 10 majini kwa wakati mmoja, na muda una kikomo. Mwenye chombo cha pili husubiri zamu yake. Hilo ndilo naona tulichukue. Kuna jambo moja la kule ambalo tusilibebe bila kufikiri: leseni chache. Kwenye kisiwa chenye mtaji mdogo kama Mafia, leseni chache zitaishia mikononi mwa wenye hoteli na wenye fedha kutoka nje, na yule nahodha wangu atageuka kibarua kwenye bahari aliyozaliwa nayo.

Hatuna haja ya kununua hekima ya zamu kutoka mbali. Nenda stendi yoyote ya daladala: gari huondoka kwa foleni, na anayeruka foleni hushughulikiwa na wenzake kabla polisi hajasikia. Boti za Kilindoni ziandikwe kwa foleni asubuhi pale ufukweni. Kila boti ipewe zamu yake kwa papa, boti moja kwa samaki mmoja, muda ukiisha inajitoa. Nahodha atamwambia mgeni wake kwa sauti kamili, "Zamu yetu ni ya tatu," wala hataonekana mzembe. Msimamizi awe BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari ambacho Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekitambua, akishirikiana na halmashauri, na adhabu ya anayevunja zamu iwe kukosa foleni ya wiki nzima. Hiyo inauma kuliko faini.

Kisha fedha. Kila mgeni alipe ada mahali pamoja, kwa risiti, na sehemu yake iende kwa wavuvi kabla ya kwenda kokote. Hutokea usiku papa akaingia kwenye nyavu za dagaa akifuata chakula chake. Wavuvi huhangaika kumtoa, na mara nyingine hulazimika kuukata wavu wao wenyewe ili atoke akiwa hai. Asubuhi yake mtalii analipia kumtazama papa yuleyule, na aliyekata wavu hapati hata uzi wa kushonea. Jambo hili linanikera kuliko zile boti sita. Mtu aliyemwokoa samaki alipwe wavu wake, bila maneno mengi na bila kusubiri warsha.

Ataulizwa mtu wa serikali: vijana watakula nini boti zikipunguzwa? Hazitapunguzwa. Zitapangwa. Na mgeni aliyemwona papa mmoja kwa utulivu, akimtazama anavyokula mpaka mwenyewe aondoke, atalipa bei nzuri na kuwaambia wenzake. Aliyeona povu na mapezi ya watu wengine hatarudi.

Wewe unayepanga kuvuka kwenda Mafia kaskazi hii, mpango huo bado ukisubiriwa, unaweza kuanza peke yako. Ukiona boti nyingine imeshafika kwa papa, mwambie nahodha: "Tusubiri, kaka, sina haraka." Akisikia hivyo kwa mgeni wake, atazima mashine.