NILIENDA KUTAFUTA FUNGUO, SIKWENDA KUMTAFUTA KIJANA



Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na ungamo, kisha andiko litafuata.

Kuna kijana kanisani kwetu hapa Nakuru ambaye kwa miaka mitatu ndiye ameshika mitambo ya sauti. Ukinisikia nikihubiri bila spika kupiga yowe, hiyo ni kazi ya mikono yake. Ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje jina. Mwaka jana alikosa ibada Jumapili moja. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mimi mchungaji wake sikumpigia simu hata mara moja. Alichopata kutoka kwangu ni ule ujumbe ninaowatumia watu wote kila Jumamosi jioni: ibada ni saa tatu, njoo na rafiki.

Siku moja ya Ijumaa tulikuwa na kesha, na kabati la nyaya na maikrofoni lilikuwa limefungwa. Funguo alikuwa nazo yeye. Simu yake haikushikwa. Nikapanda bodaboda hadi Pipeline, mwendo wa dakika kumi tu. Nasema kweli mbele za Mungu: sikwenda kumtafuta yeye. Nilienda kutafuta funguo.

Mlango ulifunguliwa na msichana nisiyemjua. Mara moja nikawaza mabaya, vile sisi wachungaji tunavyojua kuwaza. Kumbe ndani kijana alikuwa ameketi kitandani, amekonda, blanketi mabegani, na sufuria ya ugali iko juu ya meko.

Nikamuuliza yule msichana, "Wewe ni dadake?"

Akanijibu kwa heshima, "Hapana, pasta. Sisi husikiza muziki pamoja."

Wapendwa, walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana kabla ya asubuhi hiyo. Huyo dada alikuwa ametoka Naivasha na matatu ya kwanza. Wanajuana kwenye kundi la simu la mashabiki wa Linkin Park, ile bendi ya roki kutoka California. Humo kuna Wakenya, kuna Wabrazili, kuna watu wa Poland na Ufilipino. Kila jioni kijana wetu alizoea kuandika humo: leo nimesikiza wimbo huu, leo nimekula hiki. Akanyamaza siku mbili. Siku mbili tu! Mtu wa Poland ndiye aliyeuliza, kuna yeyote aliye karibu na Nakuru? Yule dada aliwahi kumtumia fulana kama mzigo wa matatu, kwa hivyo alikuwa na namba yake na alijua ploti anayoishi. Akapiga simu usiku kucha. Kulipopambazuka akapanda gari.

Kijana wetu hakuwa amepanga kuiona Jumapili hiyo. Sitaandika zaidi ya hapo.

Hesabu pamoja nami. Kundi la muziki liligundua kimya chake baada ya siku mbili. Kanisa lake, lililo dakika kumi kutoka mlangoni pake, halikugundua kwa Jumapili nne. Na lilipofika, lilifika kwa sababu ya kabati.

Sasa mniruhusu niseme kuhusu huo muziki, maana najua kuna mtu ameshaanza kukunja uso.

Mimi nimelelewa kiroho katika kizazi kilichoiogopa roki. Nilipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba ukiicheza kinyumenyume utasikia maneno ya shetani. Enzi hizo Nairobi kulikuwa na redio ya roki, X FM, na sisi wanafunzi tulikuwa tukiombea mawimbi yake yakatike. Baadaye nikawa mchungaji nikayahubiri hayo hayo. Nilisimama madhabahuni nikasema kijana anayesikiza gitaa za kelele amefungua mlango wa mapepo. Na siku ile nani alikuwa ameshika mitambo? Ni yeye. Alinirekebishia sauti ili nisikike vizuri nikimhukumu.

Ndiyo sababu hakuna mtu kanisani aliyejua anachosikiza. Na kwa sababu hatukujua anachosikiza, hatukujua kinachomliza.

Baadaye, akiwa amepata nafuu, alinionyesha mazungumzo yao. Mwenyewe nilijiandaa kukemea. Nikakuta nini? Watu wanabishana kama albamu ya kwanza, ile ya mwaka 2000, inaishinda ya 2003. Mtu ametuma picha ya paka wake. Mwingine anauliza bei ya nyuzi za gitaa. Mwingine ana mtihani kesho na wenzake wanamwambia alale mapema. Kuna ugomvi mkubwa kuhusu Emily Armstrong, mwimbaji aliyeingia bendi hiyo mwaka 2024, wengine wakimkubali, wengine wakiapa hawatamsikiza kamwe. Matusi pia yapo, siwezi kuwadanganya. Lakini katikati ya maneno hayo ya kawaida kabisa kuna swali ambalo halikosi kwa siku: umekula? Umelala? Mbona leo kimya?

Nikamuuliza kijana, "Hawa watu walijifunza wapi kuulizana hivi?"

Akaniambia, "Pasta, sisi tulifiwa."

Alikuwa anamzungumzia Chester Bennington, mwimbaji wa bendi hiyo. Alizaliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1976. Alisema waziwazi kwamba alidhulumiwa akiwa mtoto, na kwamba alipambana na pombe na dawa za kulevya. Mwezi Mei 2017 rafiki yake Chris Cornell, mwimbaji mwenzake wa roki, alijitoa uhai. Chester akaimba kwenye mazishi yake. Mwezi huo huo bendi ilitoa albamu mpya, One More Light, na mashabiki wengi wakaikosoa vikali, wakisema imelainika, haina tena ukali wa zamani. Tarehe 20 Julai 2017, siku ambayo Cornell angetimiza miaka 53, Chester naye akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 41. Baba wa watoto sita.

Miezi michache baadaye mkewe, Talinda, alionyesha ulimwengu video iliyorekodiwa saa 36 kabla ya kifo hicho. Chester yuko na familia yake, anacheka. Anacheka kabisa.

Fikiria wewe ni shabiki. Ulikuwa umeandika maneno makali juu ya albamu yake. Miezi miwili baadaye huyo mtu hayupo. Kijana aliniambia kwamba katika kundi lao wapo waliorudi kufuta maneno yao, wakilia. Tangu hapo, akasema, hakuna anayeamini kicheko peke yake. Mtu akinyamaza, anatafutwa.

Wapendwa, hao walifiwa wakajifunza. Sisi tumezika wangapi? Tumechanga pesa za jeneza, tumeimba, tumekula, tumerudi nyumbani. Tumejifunza nini?

Sasa njoo kwenye andiko. Fungua 1 Wafalme 19. Huyu ni Eliya, nabii aliyeshusha moto juu ya Karmeli mbele ya taifa zima. Yezebeli anatuma vitisho, na yule jemadari wa maombi anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu afe.

Angalia alivyomwacha mtumishi wake. Mtu akichoka na maisha, huanza kwa kuwaacha watu. Anatoka kwenye kundi la maombi. Anaacha kushika simu. Anarudisha vitu vya watu.

Na Mungu alifanya nini? Hakumtumia mahubiri. Malaika hakumwuliza imani yake imeenda wapi baada ya Karmeli. Alimgusa akamwambia aamke ale. Kulikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakuchoka, akarudi mara ya pili na chakula kile kile. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye, huko Horebu, baada ya safari ya siku 40. Mbinguni kulianza na swali la jikoni.

Yule dada wa Naivasha hajaokoka, aliniambia mwenyewe. Lakini siku hiyo alisimama mahali pa malaika wa Eliya, mwiko mkononi. Nami niliyejazwa Roho nilisimama mlangoni nikiulizia funguo.

Najua wapo watakaosema mchungaji amerudi nyuma. Sijarudi. Sisemi tupige Linkin Park kwenye sifa na kuabudu. Ninaamini bado kwamba si kila wimbo unamjenga mtu, na kwamba muziki peke yake haumwokoi mtu dhambini. Tena nimewaona hao mashabiki walivyofika mwisho wa uwezo wao. Mtu wa Poland hawezi kubisha mlango Pipeline. Mbrazili hawezi kumshika mtu mkono hadi hospitalini. Walikuwa na macho ya kuona, lakini miguu ilikuwa mbali. Sisi tulikuwa na miguu karibu, macho hatukuwa nayo. Mungu ameliweka kanisa mtaani, kwenye ploti, jirani na mlango, ili macho na miguu viwe pamoja. Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi akajibu kwa kiburi kwamba yeye si mlinzi wake. Jibu hilo ndilo nililokuwa nikimjibu Mungu kila Jumapili kwa kimya changu.

Kijana wetu tulimpeleka hospitalini siku iyo hiyo, akaonana na daktari wa magonjwa ya akili. Anatumia dawa, anaonana na mshauri, na tunaomba naye. Usiniulize ni maombi au ni dawa. Eliya aliombewa au alilishwa? Mungu hakuona aibu kutumia mkate.

Na usimwite mhalifu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilisema anayejaribu kujitoa uhai ametenda kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeacha kumfunga pingu mtu aliyevunjika, kanisa lisiwe mahali pa mwisho pa kumfunga.

Basi tufanye haya, na mimi nitakuwa wa kwanza.

Kila ushirika wa nyumbani uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutambua asiyekuja. Jumapili moja, apigiwe. Mbili, abishiwe mlango. Usitume ujumbe wa watu wote ukadhani umemjulia hali mtu.

Ukifika, usianze na kwa nini hukuja kanisani. Anza na umekula. Ikiwa hajala, washa meko. Na akikuambia hataki kuishi, usimwache peke yake hata kidogo, usiahidi kuficha siri hiyo, na umfikishe kwa daktari upesi.

Wazazi, muulizeni mtoto wenu anasikiza nini, kisha mketi mkisikize pamoja naye mpaka mwisho kabla hamjasema neno. Utakemea kesho ukitaka. Leo sikiza.

Nawe unayesoma haya usiku, umefunga mlango, umejifunza kucheka mbele za watu: nimekosa kukutafuta. Nisamehe. Usisubiri nije na bodaboda yangu ya kutafuta funguo. Nipigie, au mpigie yeyote, hata yule rafiki wa muziki ambaye tulikukataza. Mwambie ukweli wako leo.

Kijana amerudi kwenye mitambo. Jumapili iliyopita, kabla ya ibada, alikuwa anapima spika kwa wimbo ambao sikuutambua, gitaa nyingi sana. Mzee mmoja wa kanisa akanitazama, akingoja nikemee. Nikamwendea kijana nikamuuliza kama amekunywa chai.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa viti vitupu ambavyo hatukuviulizia. Tupe macho ya kuona kimya cha ndugu zetu, na miguu ya kufika kabla jua halijachwa. Mlinde kila mmoja aliye chini ya mretemu wake usiku huu, umtumie mtu mwenye mkate. Katika jina la Yesu. Amina.

Kabla hujaandika AMINA hapa chini, toka kidogo, umpigie mtu mmoja ambaye hujamwona kanisani mwezi huu. Kisha urudi uandike.

Mbarikiwe.