Tunauziwa Pano, Mshale Hatuelezwi

Sisi wa Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, tumechoka kuunguza vitu vyetu. Umeme tunaoutegemea ni wa jua: ndio unaowasha taa ya mtoto anayesoma usiku, redio na simu. Ndani ya vyombo hivyo mna diyodi, na diyodi ina upande: kwa kawaida hupitisha umeme kuelekea upande mmoja tu. Ikifungwa kinyume, hasara ni ya mwenye nyumba. Pano na regilateri zinatufikia juu ya pikipiki, njia za matope, kwa bei inayomaliza mavuno ya mpunga. Maelezo yanabaki huko zilikotoka. Karatasi ya ndani ya boksi ni ya Kichina na Kiingereza, na muuzaji mwenyewe hajui kuisoma.

Kinachotuuma ni kwamba jambo lenyewe si gumu. Kwenye skema, yaani mchoro wa saketi, diyodi ni pembetatu, kama mshale, ambayo ncha yake imegota kwenye mstari. Umeme hupita kufuata ncha: unaingia anodi, upande wa pembetatu, unatokea katodi, upande wa mstari. Kwenye 1N4007, kile kidude cheusi ambacho mafundi wetu hukichomoa kwenye redio zilizokufa, mstari huo ni ile pete ya rangi ya fedha. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulishika hili asubuhi moja.

Basi kwa nini vitu vinaungua? Kwa sababu tumefundishwa nusu. Fundi anajua umeme hufuata mshale, halafu anakutana na skema yenye diyodi iliyofungwa baada ya fyuzi, katikati ya waya wa chanya na wa hasi, na mshale wake unatoka hasi kwenda chanya. Anasema aliyeichora amekosea, anaigeuza. Akiunga batri, umeme unakatiza humo bila kupitia kazi yoyote. Fyuzi inakatika. Na kama fyuzi ilishaondolewa zamani ikawekwa kipande cha waya, jambo tunaloliona kila siku sokoni, saketi inaungua mbele ya macho yake. Diyodi ile haikukosewa. Iliwekwa ikae kimya, isipitishe kitu, mpaka siku mtu atakapobadilisha nyaya za batri kwa bahati mbaya. Siku hiyo ndiyo inapitisha, fyuzi inakatika, na vilivyobaki vinapona. Ipo pia ile ya zena, ambayo mstari wake umekunjwa ncha: hiyo hufungwa kinyume makusudi ili ishikilie volti zisipande. Anayesoma skema lazima aulize diyodi imewekwa ifanye kazi gani, ndipo aangalie inaelekea wapi. Swali hilo hakuna aliyetufundisha kuliuliza.

Na shule? Watoto wetu wa sehemu ya umeme wananakili pembetatu kutoka ubaoni, kwa Kifaransa, wanaikariri mpaka mtihani wa Serikali. Wanaambiwa elektroni hutoka hasi kwenda chanya, wanaona mshale unakwenda kinyume chake, na wanaachwa hapo. Kumbe desturi ya kuuchora mkondo kutoka chanya ilianza karne ya 18, elektroni ikagunduliwa 1897, na wachoraji hawakubadilisha. Sentensi moja tu ingewatuliza. Tunao vijana waliomaliza masomo bila kushika diyodi hata moja mkononi, na wazazi walilipa kila muhula.

Jambo hili la kuuziwa bila maelezo linatukera zaidi sisi kuliko wengine. Katika kasiterite ya Maniema hutolewa bati, na bati ndilo linalotumika kutengeneza lehemu inayoshika diyodi kwenye saketi. Mawe yanatoka kwetu kwa magunia, yanarudi kama vyombo tusivyoelezwa.

Tunataka kila butiki inayouza pano ibandike mchoro mmoja wa Kiswahili, wenye chanya, hasi na mshale. Tunataka fyuzi iuzwe pamoja na regilateri, si vipande vya waya. Na kila shule ya ufundi iwe na multimeta: ncha nyekundu kwenye anodi na nyeusi kwenye katodi, diyodi nzima ya silikoni inasoma karibu volti 0.6, zigeuze, haipitishi. Wazazi tumezoea kuchangia chaki na madawati. Hata multimeta tutachangia, ilimradi mwalimu apewe saa za kuifundisha, na aifundishe kwa lugha tunayoongea nyumbani.