Wadosi hununua maji, si marumaru

Nilipoacha chuo, nilipata kibarua cha kupiga picha fleti za kuuza Kilimani na Kileleshwa. Nilidhani wadosi wangeuliza kuhusu jikoni ama kidimbwi cha kuogelea. Wapi! Swali la kwanza: kisima kipo? La pili: stima ikipotea, jenereta inaendesha lifti ama ni taa za ngazi tu? Huwezi kuwalaumu. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi JKIA ikawa giza.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mgao hufika hata Lavington. Ila wa Lavington ana kisima. Wa Pipeline anangoja mkokoteni wa mitungi.

Noma iko hapa: visima hivyo vyote vinavuta maji yaleyale ya chini ya ardhi, ambayo yamekuwa yakishuka kwa miaka. Halafu mwenye kisima na jenereta yake ataisumbua kaunti ya nini? Kelele tumeachiwa sisi wa bedsita. Kwangu mfereji hutoa maji Jumanne na Ijumaa, zikikumbukwa.