Bei ya kutuma mzigo inaanzia kwenye ramani

Wiki jana mteja wa Ruaka alikataa viatu vya mtoto vya shilingi 800. Alivipenda, lakini kuvituma kutoka kwangu Rongai ilikuwa 450. Hata mimi ningekataa.

Huwa tunawalaumu watu wa boda. Lakini hebu fuata mzigo wenyewe: matatu hadi katikati ya Nairobi, unashushwa, unabebwa mpaka steji nyingine, halafu matatu ya Ruaka. Rongai iko Kajiado, Ruaka iko Kiambu. Kila kaunti inaidhinisha nyumba zake, na msongamano wote unakutana Nairobi.

Mwaka 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya kupanga usafiri wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa pamoja. Wazo zuri. Ila kwa maoni yangu, kupanga magari bila kupanga ardhi ni kazi nusu. Mtaa mpya ukijengwa upande huu, jirani aulizwe barabara itatosha ama haitatoshi.

Na sisi tusinyamaze, jamani. Katiba inataka wananchi washirikishwe kaunti inapopanga. Kwa mwezi mmoja andika: mzigo ulienda wapi, ulibadilisha gari mara ngapi, ulilipa ngapi, oda ngapi zilikufa. Peleka karatasi hiyo kwenye mkutano wa maoni. Malalamiko ya "nauli iko juu" yamezoeleka. Hesabu ni ngumu kuipuuza.

Wewe unatuma kutoka wapi kwenda wapi, na kwa ngapi? Andika hapa chini.