Daraja Kuukuu na Haki ya Kuuliza

Kila mvua kubwa inyeshapo katika milima ya Pokot na ya mpakani mwa Uganda, swali lile lile huwarudia wananchi wa Turkana: daraja kuukuu likarabatiwe, au libomolewe na kujengwa jipya? Huulizwa Lodwar, Turkwel na Kawalase zinapojaa. Huulizwa Kakuma, pale Tarach, ambayo asubuhi ilikuwa kitanda cha mchanga mkavu, inapogeuka jioni kuwa mto wa matope unaobeba miti mizima. Mara nyingi jibu hushuka kutoka juu, likiwa limekwisha kuamuliwa, na mwananchi haambiwi lilipatikanaje. Makala haya yanatetea jambo moja: uamuzi huo ufanywe kwa vipimo vilivyowekwa hadharani. Umri wa daraja peke yake usiwe hoja ya kulibomoa, wala ya kuliacha lilivyo.

Mkazi wa Nairobi akifungiwa barabara moja hupita nyingine. Kati ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120, hakuna nyingine ya maana. Barabara ya A1 inayotoka Kitale na kuishia Nadapal, mpakani mwa Sudan Kusini, ndiyo mshipa wa pekee wa kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 926,976 katika sensa ya 2019, licha ya mamia ya maelfu ya wakimbizi wanaoishi Kakuma na Kalobeyei. Unga, dawa, mafuta na mifugo iendayo sokoni hupita humo. Mama mwenye uzazi mgumu anayehamishwa kutoka Kakuma kwenda hospitali ya rufaa ya Lodwar hupita humo pia. Novemba 2019, mafuriko na maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi yalipokata barabara hiyo kusini, Turkana nzima ilionja maana ya kutengwa.

Yafaa tukumbuke tulivyofika hapa. Barabara ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norwe katika miaka ya 1970 na 1980. Oktoba 1990, serikali ya chama kimoja ilivunja uhusiano na nchi hiyo kufuatia mzozo juu ya kukamatwa kwa Koigi wa Wamwere. Wanorwe wakaondoka na msaada wao ukakoma. Uhusiano haukurudishwa hadi 1994. Mturkana hakuulizwa wakati barabara ilipoletwa, wala hakuulizwa wakati mlezi wake alipofukuzwa. Kwa miaka mingi iliyofuata lami ilimegeka, mashimo yakapanuka, na madereva wakaona afadhali kupita kando, mchangani. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa Kenya kwa ajili ya njia hiyo ya kaskazini, na sehemu kubwa imejengwa upya. Mkopo huo utalipwa na sisi sote. Basi ni haki yetu kuuliza nani atayatunza madaraja hayo, na kwa fedha gani.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Mhandisi mwaminifu huanza na mambo matatu kabla ya kusema "karabati" au "bomoa".

La kwanza ni misingi. Katika mito ya mchanga, maji ya ghafla huchimba chini ya nguzo, kisha mchanga hurudi na kulifunika shimo maji yanapopungua. Daraja laweza kuonekana zima juu ilhali chini limebaki likining'inia. Kupaka chokaa na kuziba nyufa za sakafu hakuponyi maradhi hayo. Aidha, uchotaji wa mchanga karibu na nguzo huongeza hatari ile ile, na wanaochota kwa malori huonekana na kila mtu isipokuwa wale waliopewa kazi ya kuwaona.

La pili ni mto. Je, nafasi iliyo chini ya daraja yatosha kupitisha maji ya leo? Mito ya Turkana huhamisha mikondo yake, na mvua za 1997, 2019 na 2023 zilionyesha kuwa mahesabu ya zamani hayatoshi. Turkwel nayo tangu 1991 ina bwawa juu yake, na mwaka 2020 wakazi wa chini walionywa wahame kwa kuwa bwawa lilikaribia kufurika. Daraja fupi kuliko mto wake halikarabatiki. Utalitibu mwaka huu, na mwakani maji yatalizunguka na kula tuta.

La tatu ni mzigo. Malori yaendayo Sudan Kusini ni mazito kuliko yale yaliyofikiriwa miaka 40 iliyopita. Mihimili ikipimwa na kuonekana dhaifu, huenda ikaimarishwa; isipowezekana, ibadilishwe.

Misingi ikiwa imara na mto ukiwa umetoshwa, ukarabati ndio busara, na fedha zitakazobaki zijenge kivuko kingine ambako bado hakuna hata kimoja. Misingi ikiwa imeliwa, au mto ukiwa umelizidi daraja, lijengwe jipya bila kusitasita, na la zamani lisibomolewe kabla njia nyingine salama haijafunguliwa.

Wapo watakaosema kuwa jipya daima ni salama zaidi. Wakumbuke Sigiri, kule Budalangi, juu ya mto Nzoia. Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, Rais alikwenda kulikagua daraja jipya lililokuwa likimalizwa. Wiki mbili hazikupita, likaanguka. Upya haukuliokoa.

Wapo pia watakaosema tungoje, fedha ni haba. Hao nao wakumbuke mto Enziu kule Kitui. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kupita kivuko cha chini maji yakiwa juu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kungoja nako kuna bei, na wanaoilipa si wale walioamua kungoja.

Kwa nini basi daraja jipya hupendwa kuliko ukarabati? Kwa sababu daraja jipya lina utepe wa kukatwa, jiwe la msingi lenye jina, na mkataba mnono. Kuzibua mitaro na kujaza mawe kwenye nguzo hakuna picha gazetini. Turkana tunalijua somo hili. Lile bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya 1986 na 1991, mkataba wake ulitolewa bila ushindani wa zabuni, na gharama zake zilizua malalamiko hata kwa wafadhili wa nchi. Enzi hiyo kuuliza kulikuwa kosa. Leo kuuliza ni haki iliyoandikwa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 201 chadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika fedha za serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi la mwananchi.

Wala tusiambiwe kwamba matunzo hayana fedha. Tangu 1993 kuna sheria ya ushuru wa matengenezo ya barabara. Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwenye pikipiki Kakuma anaulipa sawasawa na mwenye gari kubwa Nairobi. Mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili kulipa madeni ya wakandarasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa fedha za kuziba ufa zinalipia kuta za jana.

Kwa hiyo tunadai haya. Ripoti ya ukaguzi wa kila daraja kati ya Lodwar na Kakuma itangazwe, pamoja na gharama ya kukarabati na gharama ya kujenga upya, zikihesabiwa kwa miaka yote ya maisha ya daraja. Isomwe barazani kwa Kiturkana na Kiswahili kabla zabuni haijatangazwa, na wazee wanaojua mahali mto ulipopita zamani wasikilizwe na wahandisi. Mkataba wowote, wa kukarabati au wa kujenga, uonyeshe fungu la matunzo la kila mwaka na jina la ofisi itakayowajibika. Uchotaji wa mchanga karibu na nguzo ukomeshwe sasa, kwani hilo halihitaji mkopo wa mtu.

Wabunge, maseneta na wawakilishi wa wadi watakaokuja kuomba kura waulizwe swali moja tu: ripoti iko wapi? Atakayejibu kwa ahadi ya daraja jipya bila vipimo hatofautiani na atakayenyamaza. Mto hauchagui chama. Hupima kazi iliyofanywa chini ya nguzo.