Barakoa inanuka? Manukato si dawa!

Leo nataka tuongee jambo ambalo mabrazameni na masista duu wengi wanaliona dogo, kumbe linaaibisha kuliko soksi chafu. Ni barakoa ya kitambaa inayonuka.

Najua yupo atakayesema, "Wewe nawe, Korona si iliisha?" Sawa. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya dunia tena. Lakini zile barakoa za vitenge ambazo mafundi cherehani walizishona mwaka 2020 hazikutupwa zote. Mwenye mafua mstaarabu anaivaa kwenye daladala, anayefagia stoo anaivaa, na wa bodaboda anajikinga nayo vumbi. Kama huamini, twende Nalasi.

Kwa wasiojua, Nalasi iko Tunduru, mkoani Ruvuma, upande wa kusini kuelekea mpaka wa Msumbiji. Ukitoka Songea unapita Namtumbo mpaka Tunduru mjini, halafu unaanza kuteremka kusini. Huko pesa ya watu ni korosho. Ukifika msimu wa kupuliza salfa, ile poda ya njano inayozuia ubwiri unga kwenye mikorosho, vijana hufunga puani chochote kilichopo: barakoa, fulana kuukuu, hata kipande cha khanga.

Binamu yangu wa huko alikuwa na barakoa moja tu. Asubuhi yuko nayo shambani, jioni anaikung'uta na kuitia mfukoni, kisha usiku anaivaa tena kwenye pikipiki akienda kwa mchumba. Binti wa watu alivumilia siku mbili. Ya tatu akamwambia, "Mwenzangu, ukija tena kwetu hilo dude liache huko huko." Kijana, badala ya kuifua, akaimwagia manukato. Lahaula! Salfa, jasho, mate na manukato vikachanganyika, hata mbuzi wakawa wanampisha njia.

Shangazi, ambaye ndiye mama yake na fundi cherehani pia, hakumung'unya maneno. "Mwanangu, chupi unavaa moja wiki nzima? Basi na hicho ni hivyo hivyo."

Jamani, shangazi kamaliza kila kitu. Pumzi ina unyevu, na ukiongea mate yanarukia kitambaa. Ongeza jasho na joto la uso, bakteria wanapata makazi ya bure, na wao ndio wanaotengeneza ile harufu. Manukato hayawaondoi. Yanafunika tu kwa dakika chache, halafu wewe unashinda ukiyavuta kooni.

Sasa fanya hivi. Kwanza, uwe nazo angalau tatu: moja usoni, moja kwenye kamba, moja kabatini. Ifue kila siku unayoivaa, na ikilowa katikati ya siku, badilisha. Ukinunua mpya ya kitenge, ifue peke yake kwanza, maana inaweza kuchuja rangi ukatoka na mashavu ya bluu.

Pili, tumia sabuni na maji ya moto, nyuzi joto 60 au zaidi. Hayo hayashikiki kwa mkono, hivyo korogea kijiti. Kama huna maji ya moto ya kutosha, ifue kwa sabuni na maji ya kawaida, halafu ichemshe dakika moja kwenye sufuria. Suuza mpaka povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki inawasha ngozi na kuleta vipele kidevuni.

Tatu, wanaopenda dawa ya klorini ya kufulia, sikilizeni vizuri. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja cha dawa kinataka vikombe 34 vya maji. Loweka dakika moja tu, kisha suuza sana. Na usije ukakamulia limau au kutia siki humo eti inukie vizuri! Klorini ikikutana na vitu vichachu inatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu.

Nne, ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo uipige pasi. Ukiikunja mbichi itanuka uvundo hata kama umeifua mara kumi. Ihifadhi kwenye bahasha safi ya karatasi, si kwenye pochi pamoja na chenji, wanja na nusu ya sambusa. Ukitaka kaharufu, funga karafuu tatu kwenye kitambaa, weka kabatini pembeni yake. Inatosha.

Ukifanya yote hayo na bado inanuka ndani ya nusu saa, ndugu yangu, kitambaa hakina kosa. Piga mswaki asubuhi na usiku, sugua na ulimi, kunywa maji. Kama kuna jino bovu, nenda kwa daktari wa meno.

La mwisho linawahusu wale wanaokwenda kusini kupuliza korosho ili wapate mtaji. Barakoa ya kitambaa, hata ing'ae vipi, haiwezi kuzuia poda nyepesi ya salfa. Binamu alikuwa akikohoa usiku kucha, macho mekundu, na wenzake wakamtania kwamba ni mapenzi. Wapi! Shambani panatakiwa barakoa maalumu yenye chujio la vumbi, miwani iliyoziba pembeni, glavu, na kupuliza kwa kuelekea upepo unakokwenda. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na ya shambani isivaliwe kwa mchumba. Tena ukikohoa wiki mbili au zaidi, usisingizie salfa, nenda hospitali upimwe na kifua kikuu.

Haya wapenzi, kazi kwenu. Uso mzuri uliofungwa kitambaa kinachonuka ni sawa na sahani ya pilau iliyofunikwa tambara. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.